Maji ya Mchele Usiyamwage: Kufuga Bakteria wa Maziwa Lala kwa Banda, Bustani na Jiko

Kila siku Mombasa, kabla nazi haijakunwa, kuna maji meupe yanayomwagwa kwenye karo. Ni maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Ukiyaweka siku mbili kisha ukayatia kwenye maziwa, utapata maji ya manjano yaliyojaa bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa hao hao wanaogandisha maziwa lala. Mimi nayatumia kwenye banda la kuku Kisauni, kwenye magunia ya mchicha, na kwenye ndoo ya maganda ya jikoni. Hapa nitaeleza namna ya kuyatengeneza, pa kuyatumia, na pale ambapo hayana kazi yoyote hata yasifiwe vipi.

Mambo mawili kabla hatujaanza. La kwanza, maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Watakwambia usubiri wiki nzima. Joto letu la nyuzi 30 linafanya kazi hiyo kwa nusu ya muda, na ukifuata kalenda yao utakuta kimeshaoza. La pili, mtungi wa shamba na mtungi wa kinywa ni vitu viwili. Hiki cha maji ya mchele ni cha shamba. Cha kunywa nitakieleza mwishoni, na kinatengenezwa kwa njia nyingine kabisa.

Hawa bakteria ni nani

Ni vijidudu wanaokula sukari na kutoa asidi. Basi. Uchachu unapopanda, wadudu wengi waozeshaji hawawezi kuishi, ila wao wenyewe wanauvumilia. Ndiyo maana maziwa yaliyoganda vizuri hukaa, na maziwa yaliyoharibika hunuka.

Mkemia Carl Wilhelm Scheele aliipata asidi yenyewe ndani ya maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Louis Pasteur akaandika mwaka 1857 kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1873 Joseph Lister akafanikiwa kumtenga mmoja wao peke yake. Lakini wafugaji wa bara na pwani walikuwa na vibuyu vyao kabla ya hao wote. Kwa maziwa ya kuchacha, Wakalenjin wana mursik, Wasomali wana suusa ya ngamia. Kuwatoa bakteria hawa jikoni na kuwapeleka shambani kwa maji ya mchele kumeenezwa sana na Cho Han-kyu wa Korea, mwalimu wa kilimo cha asili.

Kama utakwenda kununua dukani ukasoma jina refu kwenye pakiti, usishtuke: mwaka 2020 wanasayansi waliigawa ile koo kubwa ya Lactobacillus kuwa koo 25, kwa hiyo majina ya zamani na mapya yanauzwa pamoja.

Hatua ya kwanza: maji ya mchele

Chukua kikombe kimoja cha mchele na vikombe viwili vya maji. Vuruga kwa mkono mpaka maji yawe meupe kama tui la pili, kisha yamimine kwenye chupa ya mdomo mpana. Mchele wenyewe endelea nao, upike.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi hapa kwetu. Ya mfereji yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria. Yaweke kwenye beseni wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Ya kisima, upande wa Kisauni na kwingineko karibu na bahari, mara nyingi yana chumvi. Kuogea sawa, kwa kazi hii nayaepuka. Ukikosa yote, chemsha maji ya kunywa uyaache yapoe.

Jaza chupa theluthi mbili tu. Funika kwa kitambaa na mpira, usifunge kwa kifuniko, maana tunataka hewa ipite na mbu wasipite. Weka mahali penye kivuli. Wakati wa kaskazi, ule mwezi wa Februari ambao hata ukuta unatoka jasho, saa 24 hadi 36 zinatosha. Wakati wa kusi, mwezi wa saba hivi, mpe siku mbili kamili.

Utajuaje kama imekuwa? Kwa pua. Nusa: iwe harufu ya uchachu mtamu, kama unga wa mkate wa kumimina uliolala ukingoja kuchomwa. Ukitazama kwa pembeni utaona tabaka tatu: utando mwembamba juu, maji ya ukungu katikati, na wanga mweupe chini. Tunataka ya katikati. Tumia mrija au kijibomba chembamba, uyanyonye taratibu. Kama kuna koga nyeusi au ya waridi, au harufu ya soksi, mwaga uanze upya. Umepoteza maji ya mchele tu.

Hatua ya pili: maziwa

Sehemu moja ya maji hayo kwa sehemu kumi za maziwa. Mililita 100 kwa lita moja. Maziwa ya pakiti yanafaa, hata yale ya kukaa muda mrefu. Mabichi kutoka kwa muuzaji anayepita na baiskeli yanafaa zaidi lakini bei ndiyo hiyo. Tia kwenye chombo kikavu, acha nafasi juu, funika tena kwa kitambaa. Kisha usikiguse. Usitikise, usichungulie kwa kijiko.

Baada ya siku mbili au tatu utaona kitu cha kupendeza. Juu kumeelea donge zito jeupe kama keki, limejaa vitundu vya hewa, na chini yake maji ya manjano yenye ukijani kidogo, safi mpaka unaona upande wa pili wa chupa. Hiyo rangi ni ya vitamini B2 iliyomo ndani ya maziwa. Donge ni protini, ambayo huganda uchachu ukifika pH 4.6 hivi. Kilichofanyika ni mchujo: kwenye maji ya mchele walikuwamo wadudu wa kila aina, lakini ndani ya maziwa wakashinda wale wanaojua kula sukari ya maziwa na kuvumilia asidi.

Jirani yangu, mama wa makamo aliyekuwa akinitazama juu ya ukuta, aliniuliza swali ambalo kila Mswahili angeuliza: "Na tui je, mwanangu? Mbona unaharibu maziwa na nazi zimejaa?" Swali zuri. Tui nalo huchacha likilala, na mafuta yakapanda juu. Ndivyo mafuta ya nazi yanavyopatikana bila kuchemsha. Lakini tui halina sukari ya maziwa, kwa hiyo mchujo ule haupo, na mafuta yake yatakuzibia bomba la kupulizia. Nilijaribu. Nilikaa asubuhi nzima nikizibua tundu kwa sindano.

Toboa donge pembeni, mimina maji ya manjano, uyachuje. Kifumbu cha kuchujia tui kina matundu makubwa mno. Tumia kipande cha leso kuukuu kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato. Lita moja ya maziwa hunipa zaidi ya nusu lita. Donge wape kuku, watagombania. Wewe usile, hata likunukie vipi, kwa sababu hujui nani mwingine alipanda humo pamoja na maji ya mchele.

Hatua ya tatu: kuhifadhi bila kulipua jikoni

Ukiwa na friji, tia kwenye chupa, legeza kifuniko, andika tarehe na neno SHAMBA kwa herufi kubwa. Hukaa miezi. Bila friji, changanya na sukari guru au molasi kwa uzito sawa: nusu kilo kwa nusu lita. Sukari nyingi namna hiyo huwalaza bakteria, wakaamka ukiwatia kwenye maji.

Neno ni "uzito sawa". Mara yangu ya kwanza nilibana, nikatia guru robo tu, nikafunga kwenye chupa ya soda ya lita mbili na kukaza kifuniko kwa nguvu zote. Ilikuwa Ramadhani. Karibu na wakati wa daku tukasikia mlio jikoni, mama mkwe akapiga kelele kwamba mtungi wa gesi umepasuka. Tulikuta guru kwenye dari, kwenye kalenda, kwenye kanzu iliyoanikwa ikingoja Idi. Sukari kidogo haikuwalaza, iliwalisha. Na pamoja nao kuna hamira za porini zinazotoa gesi. Tangu hapo wiki ya kwanza nafunika kwa kitambaa, kisha kifuniko kilicholegea.

Bandani

Hapa ndipo maji haya yanapolipa haraka. Kinyesi cha kuku kikilowa, bakteria wengine hukigeuza kuwa amonia, ile harufu inayokata macho. Amonia hupaa pale palipo na magadi, na asidi huizuia. Changanya vijiko viwili vya mezani kwenye lita tatu za maji, nyunyizia juu ya maranda mara mbili kwa wiki, umande tu, usiloweshe. Kwa maji ya kunywa natia kijiko kimoja cha chai kwa lita tano, nabadilisha kila siku. Siku ya chanjo inayopitia maji ya kunywa, usitie kabisa.

Nikuambie ukweli, lakini. Yule jirani alikuwa amenijia na malalamiko kwamba harufu ya kuku wangu inamfuata mpaka kwenye nguo zake. Baada ya wiki mbili za kunyunyizia akanyamaza, na mimi nikajisifu. Kisha nikakumbuka kwamba wiki ile ile nilikuwa nimeziba chombo cha maji kilichovuja. Nusu ya ushindi ilikuwa ya kile kipande cha mpira. Kama maranda yako ni chapachapa, anza na uvujaji na upenyo wa hewa, bakteria baadaye. Na kuku anayekoroma au kuhara kijani mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, hakitibiwi kwa maji ya mchele.

Bustanini

Wauzaji wameyasifu maji haya kuliko yanavyostahili, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Utaambiwa ni mbolea. Si mbolea. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu iliyomo ni kiduchu. Mchicha wako kama una njaa, unahitaji samadi. Kinachofanywa na bakteria hawa ni kusaidia mabaki ya mimea na samadi kuoza bila kunuka, na kushindana na baadhi ya kuvu juu ya majani na kwenye udongo.

Kipimo ni kimoja kwa elfu: mililita moja kwa lita, yaani kijiko cha mezani na robo hivi kwa pampu ya lita 20. Pulizia jioni, jua likishapungua, kila wiki mbili. Usizidishe ukidhani unaongeza nguvu. Niliwahi kutia mara kumi ya kipimo kwenye sukuma wiki saa nne asubuhi, na majani yakapata madoa ya kahawia kama yaliyomwagiwa siki, maana ndivyo ilivyokuwa.

Kwa ukungu mweupe unaofanana na unga juu ya majani ya maboga na matango, maji ya manjano husaidia ukianza mapema. Maziwa yenyewe yaliyochanganywa na maji yalijaribiwa Brazil kwenye mimea ya jamii ya maboga, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, na yalifanya kazi. Kwa mnyauko wa nyanya unaoua mmea mzima ungali kijani, usipoteze wakati. Ng'oa, toa nje ya shamba.

Ndoo ya maganda

Kwa anayeishi ghorofani Tudor au Majengo hili pengine ndilo la maana kuliko yote. Chukua kilo moja ya pumba za ngano au za mchele. Changanya kijiko cha mezani cha maji ya manjano, kijiko cha molasi na maji kiasi cha pumba kushikana ukizifumbata bila kudondosha tone. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa wiki moja, zitanukia uchachu, zianike zikauke.

Sasa kila siku tia maganda ya ndizi, mihogo, mabaki ya mboga kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, nyunyiza kiganja cha pumba juu, kandamiza, funga. Hewa ndiyo adui. Mabaki ya wali sawa, mifupa midogo sawa, mchuzi usitie. Ndoo ikijaa, iache wiki mbili. Haitakuwa imeoza: ganda la ndizi utaliona ganda la ndizi, ila limechacha kama achari. Lizike futi moja ndani ya udongo, au kwenye gunia lenye udongo mkavu, na baada ya wiki chache hulioni tena. Panda hapo baada ya wiki mbili, si kabla, maana mwanzoni uchachu huunguza mizizi.

Vichwa na matumbo ya samaki yanaweza kufanyiwa hivyo kwa guru nyingi, na ni chakula kizuri cha mimea. Lakini kama una jirani ukuta kwa ukuta, sikushauri.

Wenye mbuzi na ng'ombe, sileji, yaani malisho mabichi yaliyochachushwa, ni kazi ya bakteria hawa hawa. Kata matete au mahindi mabichi vipande vya sentimita mbili au tatu, yaache yanyauke nusu siku, changanya molasi, shindilia kwenye pipa la plastiki mpaka hewa itoke, funga wiki nne. Ikifunguliwa iwe ya kijani-njano na harufu ya matunda yaliyochacha. Ikinuka siagi mbovu au ikiwa na koga, mnyama asile.

Sasa mtungi wa kinywa

Osha mikono, weka kando vyombo vyote vya shamba. Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yafure. Usiruke hapa. Maziwa mabichi huweza kubeba homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu peke yake hauwaui wadudu hao kwa hakika. Yapoze mpaka yawe vuguvugu la mwili, tia vijiko vitatu vya maziwa lala freshi ya dukani ambayo haikutiwa ladha, koroga, funika. Bakteria wa mala, yaani maziwa lala, wanapenda nyuzi 22 mpaka 30 hivi, kwa hiyo Mombasa ni kama imejengwa kwa ajili yao: ukiweka baada ya isha, asubuhi yameganda. Mtindi wa dukani unataka joto la nyuzi 42 hadi 45, hapo utahitaji kufunga sufuria kwa blanketi. Yakiganda, friji moja kwa moja, yasizidi kuchacha. Baada ya kuzungusha mbegu, yaani vile vijiko vya mala ya awali, mara nne au tano, nunua mpya.

Uji wa mtama au wimbi ni rahisi zaidi. Koroga unga na maji safi usiku, uache siku moja, kisha upike vizuri. Moto utaua bakteria, lakini kazi yao inabaki: asidi inazuia wadudu wengine kukua, na kuchacha kunapunguza kile kitu kwenye nafaka kinachozuia mwili kuchukua madini ya chuma. Ila unga wenye koga usidhani uchachu utausafisha. Sumu ya koga haiondoki hivyo.

Kabichi na karoti: katakata, pima gramu 20 hadi 25 za chumvi kwa kila kilo, kanda mpaka zitoe maji, shindilia zizame ndani ya maji yao. Siku tatu hadi tano zatosha kwa joto letu. Achari ya maembe ya jua na siki ni kitu kingine, tamu, lakini usihesabu bakteria hai humo.

Na afya? Kinachojulikana vizuri ni hiki: wengi ambao tumbo linawajaa wakinywa maziwa huweza kunywa mala au mtindi wenye bakteria hai, kwa sababu sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kuliwa na bakteria wanaendelea kuimeng'enya tumboni. Pia baadhi ya aina za bakteria hawa hupunguza kuharisha kunakoletwa na dawa za antibaiotiki. Baada ya hapo ahadi ni nyingi kuliko ushahidi. Mala haitibu kisukari wala shinikizo la damu. Mtoto anayeharisha ni maji ya ORS na zinki, na kuharisha maji kama ya mchele ni hospitali sasa hivi, maana huenda ni kipindupindu. Mtoto wa chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu. Anayetibiwa saratani, au ambaye kinga yake imeshuka sana, amuulize daktari kabla ya kula chochote chenye bakteria hai.

Kwa akina mama kuna neno ambalo bibi zetu walilisema faraghani, nami naliandika kwa heshima. Uke una bakteria wake wa laktiki; Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892. Wao ndio wanaoweka uchachu unaowafukuza wageni wabaya. Kujiosha kwa ndani kwa sabuni, ndimu au dawa ya duka huwavuruga, na kutia mtindi humo hakuwarudishi. Maji ya kawaida, nje tu. Ukiwashwa au ukiona uchafu usio wa kawaida, nenda kituo cha afya.

Friji yangu ina chupa mbili zinazofanana, maji ya manjano na maziwa lala. Ya shamba ina utepe mwekundu shingoni na inakaa rafu ya chini, nyuma, asikofika mtoto.